Kadi Kumi na Saba Zilizotazama Ukuta

Jumanne, tarehe 14 Machi 2017, saa mbili na dakika arobaini asubuhi, manyunyu yakianguka juu ya bati la ghala kwa sauti ya mchele unaopepetwa, nilisimama mbele ya kompyuta mpya ya stoo nikiwa na karatasi mbili zisizokubaliana. Ya kwanza ilitoka kwenye mfumo: mitungi ya oksijeni iliyo tayari kwenda hospitali, mia mbili na kumi na miwili. Ya pili ilikuwa imeandikwa kwa penseli na mtunza stoo: mia moja tisini na mitano. Tofauti ilikuwa kumi na saba.

Mimi ni mchambuzi wa mifumo. Kampuni inayojaza mitungi hiyo na kuisambaza ilikuwa imenipa mkataba wa kuchunguza jinsi kazi yake inavyofanyika, kuiandika kwa ukamilifu, kisha kumkabidhi programa waraka ambao kutokana nao angeujenga mfumo. Waraka wangu ulikuwa na kurasa themanini na nne. Niliutia jalada gumu, na sikuficha fahari yangu juu yake. Nilisoma shule ya bweni ambako kitanda kilichokutwa na kunyanzi moja kilivurugwa chote na kiranja, ukaanza upya. Tangu hapo sijawahi kukabidhi kazi yenye kunyanzi. Mfumo ulikuwa uzinduliwe Jumatatu iliyofuata. Kilichobaki ni sahihi yangu kwenye hati ya mwisho, chini ya sentensi moja tu: mahitaji yote ya watumiaji yamezingatiwa.

Na sasa, kumi na saba.

"Mama, umehesabu vibaya," nilimwambia mtunza stoo.

Kila mtu pale alimwita Mama Stoo. Alikuwa na miaka kumi na tisa kazini, na kiti chake kilikuwa kreti lililowekewa mto wa kitambaa cha mauamaua. Hakuinua macho kutoka kwenye daftari.

"Nihesabu tena?"

"Hesabu tena."

"Kwa vidole vyangu au kwa hasira zako?"

Dereva wa lori, aliyeegemea mlango akisubiri orodha yake, alicheka. "Bwana Mishale," aliniambia, "leo mishale yako imeelekea wapi?"

Jina hilo nilipewa kwa sababu ya michoro yangu ya visanduku vilivyounganishwa kwa mishale, ambayo nilikuwa nimeibandika ukutani pale ili watumishi wajione walivyo. Sikulipenda. Nilichukua ubao wa kuandikia, nikatoka uani pamoja na Mama Stoo, tukahesabu mitungi yenyewe, mmoja mmoja, huku maji yakitutiririka shingoni. Ilikuwa mia mbili na kumi na miwili. Mfumo ulikuwa sahihi.

"Unaona?" nilisema.

"Naona. Mitungi ni mia mbili na kumi na miwili. Iliyo tayari ni mia moja tisini na mitano."

"Mtungi uliojaa ndio mtungi ulio tayari. Ndivyo kanuni inavyosema."

"Kanuni inasema hivyo," alikubali kwa upole, akaendelea kujikung'uta maji.

Nimewahi kubishana na wahasibu, wanasheria na mkwe wangu, lakini sijawahi kuchoshwa na mtu anayekubali kila ninachosema kama nilivyochoshwa asubuhi ile. Dereva ndiye aliyetuokoa.

"Mwonyeshe ubao, mama, tusije tukaota mvi hapa."

Ubao huo nilikuwa nimeuona mara nyingi. Ulikuwa wa mbao, wenye misumari mifupi, na kila msumari ulining'iniza kadi ya mtungi mmoja yenye namba yake. Katika waraka wangu niliupa mstari mmoja: utaratibu wa zamani, utaondolewa. Sasa niliutazama kwa karibu. Kadi nyingi zilitazama mbele, namba zikionekana. Chache, huku na kule, zilikuwa zimegeuzwa, zilitazama ukuta. Nilizihesabu. Zilikuwa kumi na saba.

"Hizi zimefanya nini?"

"Zinapumzika," alisema Mama Stoo.

Ikabidi nimvute neno kwa neno. Mtungi ukirudi kutoka hospitali na lalamiko, au dereva akiusikia ukitoa hewa njiani, yeye huujaza kama kawaida, akaupima kwa geji, kile kipimo chenye sindano, kisha akaigeuza kadi yake. Mtungi unakaa siku mbili. Siku ya tatu anaupima tena. Sindano ikiwa palepale, anaigeuza kadi mbele na mtungi unakwenda. Sindano ikiwa imeshuka, valvu inavuja, na mtungi unakwenda kwa fundi. Hayo hayakuandikwa katika kanuni ya kampuni, ambayo ilikuwa na maneno matatu tu: jaza, pima, toa. Aliyaanzisha mwenyewe, baada ya mtungi mmoja kuondoka hapo umejaa na kufika wodini ukiwa nusu.

Nilirudi kwenye kompyuta nikauagiza mfumo utoe orodha ya mitungi ishirini kwa ajili ya hospitali ya watoto, kama utakavyofanya Jumatatu. Karatasi ilitoka. Mama Stoo aliichukua, akaenda nayo ubaoni, akawa anasoma namba moja moja na kugusa kadi. Ya kwanza ilitazama ukuta. Ya pili ilitazama ukuta. Alipofika ya kumi na saba nilikuwa nimekwisha kuelewa. Mfumo ulikuwa umeagizwa kutoa kwanza mtungi uliokaa stoo muda mrefu zaidi. Na kwa nini mtungi ukae muda mrefu katika stoo ambayo malori hayakauki mlangoni? Kwa sababu kuna mtu aliyeuzuia. Nilikuwa nimejenga mashine ambayo ingeitafuta mitungi ya kutilia shaka, tena kwa bidii, na kuipeleka mbele ya yote.

"Mbona hukuniambia?" nilimwuliza, na sauti yangu haikuwa ya heshima.

"Hukuniuliza."

"Nilikuuliza! Mwezi wa kwanza, katika chumba cha mikutano, nimeandika hapa na tarehe."

"Uliniuliza kama tunafuata kanuni. Nikakujibu tunafuata."

"Basi ulisema uongo."

Dereva aliacha kucheka. Mama Stoo aliikunja karatasi mara mbili, akanirudishia. "Haya, baba," alisema. "Andika kwamba nimesema uongo."

Nikaandika. Si kwa neno hilo, kwa kuwa mimi ni mtu wa maneno yaliyopimwa. Niliandika: taarifa muhimu haikutolewa na mtumishi wa stoo wakati wa mahojiano.

Programa alikuwa katika chumba chake kisicho na dirisha, mwanamke asiyependa maneno mengi, amechomeka penseli mbili nyweleni. Nilimweleza.

"Ukurasa wa ngapi?" aliuliza.

"Haumo katika waraka."

"Basi si kosa langu."

"Sijasema ni kosa lako."

"Nimetangulia kusema mimi, usije ukasema baadaye." Akachomoa penseli moja. "Kwangu kisichokuwemo ukurasani hakijazaliwa. Kukizaa sasa ni wiki mbili: hali mpya ya mtungi, saa ya kupumzika, kipimo cha pili, na kuzuia orodha isiuchukue. Pamoja na majaribio. Usiniambie siku tatu."

"Sikusudii kukuambia siku tatu."

"Yeye atakuambia," alisema, akionyesha dari kwa penseli. Juu ya dari hiyo ilikuwapo ofisi ya mkurugenzi wa uendeshaji.

Mkurugenzi huyo nilimfahamu tangu tukiwa na miaka kumi na mitano. Shuleni tulimwita Kengele, kwa sababu ndiye aliyekabidhiwa kengele ya kutuamsha. Mimi aliniita Rula, na hakuwa ameacha. Nilipoingia alikuwa akipanga kadi za mwaliko mezani, na kando yake palikuwa na mkasi mpya wa kukatia utepe, ungali ndani ya nailoni.

"Rula! Umeleta sahihi?"

Nilimweleza yote, kuanzia kumi na saba hadi wiki mbili. Alinisikiliza bila kunikatiza, kisha akafanya kama programa alivyotabiri.

"Siku tatu."

"Wiki mbili."

"Tuzindue Jumatatu, halafu mrekebishe kimyakimya. Huyo mama aendelee na kadi zake pembeni."

"Wewe mwenyewe umeagiza ubao ung'olewe Ijumaa ili ukuta upakwe rangi. Na orodha itakwenda moja kwa moja kwenye simu za madereva. Hatakuwa na mahali pa kuizuia."

"Rula, sikiliza." Alivua miwani. "Tarehe hii nimeisogeza mara mbili. Mara ya kwanza kompyuta zilichelewa, mara ya pili umeme. Bodi imeniambia kwa maandishi kwamba nikiisogeza mara ya tatu, kiti hiki atakikalia mwingine. Nina watoto wawili chuoni. Nakuomba sahihi moja tu."

"Sentensi iliyo juu ya sahihi hiyo si ya kweli."

"Kila hati ina sentensi isiyo ya kweli!"

"Ile niliyotia sahihi mimi haina."

Alivaa tena miwani. Kisha akasema jambo ambalo kwa miaka ishirini na sita hakuwahi kulitaja, hata siku aliyonipa kazi hii.

"Ile mizani ilivunjwa na nani?"

Katika maabara ya fizikia ya shule yetu palikuwa na mizani iliyofungiwa ndani ya sanduku la kioo, ambayo hatukuruhusiwa kuigusa bila mwalimu. Jumapili moja niliingia kwa siri, kwa kuwa nilitaka kuthibitisha kwamba mwalimu alikosea jibu la jaribio kwa nusu gramu. Mwalimu alikuwa amekosea kweli. Lakini nilipokuwa nikiifunga, mkono wangu uligonga sanduku. Kesho yake, mbele ya shule nzima, mkuu wa shule aliagiza aliyefanya hivyo asimame. Nilikuwa na onyo la mwisho kwa ubishi. Kosa moja zaidi, narudishwa kwa mama yangu mjane, na huo ndio mwisho wa masomo. Sikusimama. Kengele, aliyekuwa kando yangu, akasimama. Alipelekwa nyumbani wiki mbili, akanyang'anywa kengele, na ukiranja mkuu ambao kila mtu alijua ni wake ukaenda kwa mwingine. Aliporudi aliniambia "Tandika kitanda vizuri," basi.

"Niliivunja mimi," nilijibu.

"Nimewahi kukudai?"

"Hujawahi."

"Leo nakudai."

Niliteremka ngazi bila kutia sahihi na bila kukataa, jambo ambalo si tabia yangu, na ambalo lilinichukiza kuliko mvua, kuliko kadi, kuliko Mama Stoo.

Jioni hiyo, wakati wa chakula, mama mkwe wangu, aliyekuwa kwetu kwa matibabu ya kiuno, aliniona nimeshika kijiko bila kukitumia.

"Baba, hiyo kazi yako hasa ni kazi gani? Unatengeneza kompyuta?"

"Hapana, mama."

"Unaziandikia maneno yake?"

"Hapana, hiyo ni kazi ya programa."

"Sasa wewe?"

"Nauliza watu wanavyofanya kazi yao, mama, kisha naiandika."

Alimgeukia mke wangu. "Na wanamlipa?"

"Wanamlipa, mama, mwache ale."

"Simkatazi kula. Mimi nimeuliza watu mambo yao maisha yangu yote, hakuna aliyenipa hata shilingi."

Nikajikuta nikimsimulia, kwa uchungu, habari za mwanamke aliyeficha ukweli na sasa ananiharibia kazi ya miezi mitano. Alisikiliza akichambua mwiba wa samaki.

"Ulimwuliza mkiwa wapi?"

"Katika chumba cha mikutano."

"Na nani mwingine alikuwepo?"

"Mkurugenzi. Meneja wa ghala. Mwanasheria."

"Hmm." Aliuweka mwiba ukingoni mwa sahani. "Siku ile nilipofika hapa, mlikuwa na wageni. Ukaniuliza mbele yao, tena kwa adabu zako za shule: mama, godoro umelionaje? Nikasemaje?"

"Ulisema ni zuri sana."

"Lilikuwa linanivunja kiuno, mwanangu. Wiki nzima. Mpaka binti yangu alipokuja kukaa kitandani pangu mwenyewe, akazama, ndipo akajua." Akavuta sahani yake. "Hukulikalia. Uliniuliza tu."

Mke wangu alicheka mpaka akashika meza. Mimi sikucheka. Mwalimu aliyenifundisha kazi hii alikuwa na sharti moja kabla ya masharti yote: tazama kazi ikifanyika kabla hujauliza inavyofanyika. Nililifahamu. Niliwahi hata kulifundisha. Lakini katika stoo ile nilifika na maswali yangu arobaini yaliyochapwa, nikawaita watu kwenye chumba chenye viti vya ngozi, nikaweka kanuni ya kampuni katikati ya meza na mkuu wao pembeni, nikauliza kama wanaifuata. Hilo lilikuwa shauri la mahakamani, na kila aliyeingia alijibu kama mshtakiwa mwenye akili.

Jumatano asubuhi nilikwenda stoo bila waraka. Nilimwomba Mama Stoo ruhusa ya kukaa.

"Kreti ni moja," alisema.

"Nitasimama."

Nilisimama kwa muda wa saa nne. Sikuuliza kitu. Nilimwona akitega sikio kwenye valvu kama mtu anayesikiliza kifua cha mtoto. Nilimwona akigeuza kadi mbili na kurudisha tatu. Karibu na adhuhuri alisogea upande mmoja wa kreti, akaupigapiga mto.

"Kaa, Bwana Mishale, utaanguka utuharibie mitungi."

Nikakaa. Ndipo aliponiambia, bila kuulizwa, kwamba mwaka juzi meneja wa ghala alimpa barua ya onyo kwa kuzuia mitungi iliyojaa, na kwamba barua hiyo ilikuwa kwenye mkoba wake siku ile nilipomhoji.

"Mama," nilisema, "niliyokuambia jana hayakuwa ya haki. Naomba radhi."

"Yameisha," alisema. "Shika geji hii, usiigeuze chini juu."

Alhamisi pia nilikuwa pale, na jioni niliandika ukurasa mmoja. Niliufuta ule mstari kuhusu mtumishi wa stoo. Mstari niliouandika badala yake ulinichukua muda mrefu kuliko kurasa themanini na nne.

Ijumaa, saa nne asubuhi, bodi ilikaa. Kengele alikuwa mwisho wa meza, amevaa tai, mkono wake juu ya hati isiyo na sahihi. Alinitazama mara moja, kama alivyonitazama kabla ya kusimama siku ile ya mizani, kisha akatazama meza. Mwenyekiti, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, aliuliza kama Jumatatu tuko tayari.

Nilisimama kabla Kengele hajafungua mdomo.

"Hatuko tayari, Mheshimiwa Mwenyekiti. Uzinduzi usogezwe kwa wiki mbili. Kuna ukaguzi wa mitungi inayotiliwa shaka ambao unafanyika stoo kila siku na ambao haumo katika mfumo. Haumo kwa sababu haumo katika waraka wangu. Na haumo katika waraka wangu kwa sababu niliwahoji watumishi mbele ya wakubwa wao, kinyume cha taratibu za kazi yangu ninazozijua vizuri. Mkurugenzi wa uendeshaji hakuwa na njia ya kujua. Kosa ni langu peke yangu, na nimeliandika hivyo."

Niliusukuma ule ukurasa katikati ya meza. Ulisomwa kwa zamu, hata mahali nilipotaja barua ya onyo ya Mama Stoo. Mjumbe mmoja alitaka kujua kama mtu wa sifa zangu huwa anakosea hivyo mara kwa mara. Nilimjibu kwamba moja ilitosha. Mwingine aliuliza gharama ya hizo wiki mbili, akatajiwa, akavimbisha mashavu. Hatimaye Mwenyekiti aliamua: ubao wa kadi usiguswe, barua ya onyo ya mtunza stoo ifutwe, mkurugenzi aendelee na kazi yake, na mchambuzi akamilishe marekebisho, baada ya hapo kampuni haitahitaji huduma zake katika matawi mengine mawili kama ilivyokusudiwa.

"Una la kusema?" aliniuliza.

"Sina."

Nilikuwa nalo. Nilitaka kusema kwamba katika miaka kumi na minane hakuna mfumo wangu uliowahi kurudishwa, na kwamba matawi yale mawili yalikuwa kazi ya mwaka mzima. Lakini lisingekuwa na faida kwa yeyote mezani pale, nami ndiye niliyeandika ukurasa.

Kengele alinifuata ukumbini, juu ya ngazi. Alikuwa amelegeza tai, na uso wake haukuwa wa shukrani.

"Nilikuomba sahihi, Rula. Sikukuomba ujichome moto mbele ya watu."

"Sahihi nimekunyima. Nakunyima na leo."

"Na haya mengine?"

"Ni kweli tupu. Kosa lilikuwa langu. Safari hii nimesimama mwenyewe."

Alitazama chini, upande wa ghala, ambako dereva alikuwa akipakia mitungi na Mama Stoo akimkemea kwa jambo ambalo hatukulisikia. Alitembeza kidole juu ya chuma cha ngazi.

"Wiki mbili," alisema. "Wakati ule nilikaa nyumbani wiki mbili."

"Najua."

"Baba hakunisemesha hata siku moja kati ya hizo."

"Hilo sikulijua."

Aliikunja ile hati isiyo na sahihi, akaitia mfukoni, kisha akanipa mkono, mkavu na mzito, kama tulivyofundishwa kupeana.

"Hatudaiani," alisema.

"Hatudaiani," nikajibu, nikashuka kwenda stoo.